Kuutoa muziki wa gemu za zamani bila kuua milio yake

Ingia kwenye kibanda cha gemu pale Ng'ambo au Isevya, Tabora, jioni watoto wakishatoka shule. Runinga nne zinapiga nyimbo nne kwa mpigo, na kila wimbo ukifika mwisho unaanza upya, tena na tena, mpaka saa ya kufunga. Mwenye kibanda kachoka, jirani kachoka, na sabufa ya kona nayo inataka kupiga bongofleva. Dawa inayomjia kila mtu kwanza ni kubana sauti ya runinga. Hapo ndipo mchezaji anapolalamika, tena kwa haki: "Kaka, umeniua!" Anayecheza mpira husikia filimbi kabla hajamtazama refa. Anayekimbiza gari hubadili gia kwa kufuata mlio wa injini. Milio ni taarifa, na ukiizima umempokonya mchezaji sikio.

Kwa hiyo tunautoa muziki peke yake, milio inabaki, na anayependa anaweka nyimbo zake. Inawezekana kwa gemu nyingi, ila njia inategemea muziki wa gemu hiyo unakaa wapi. Unaweza kuwa unatengenezwa na chipu papo hapo, au umepangwa kwenye diski kama nyimbo za CD ya kawaida, au umewekwa kwenye faili ndani ya folda. Wengi wanaokwama huwa wamechukua maelekezo ya gemu ya diski wakayapeleka kwenye gemu ya kaseti.

Vifaa

Laptopu yoyote ya Windows inatosha, hata ile nzito ya kuwaka. Tafuta flashi na hedifoni. Pakua FFmpeg kwa kugeuza sauti na Audacity kwa kukata na kusikiliza, zote za bure. Zipakue usiku kama bando lako la usiku ni nafuu. Fanyia kazi nakala ya diski au kaseti uliyonayo mwenyewe. Tengeneza folda mbili, moja iite ASILI na nyingine KAZI, na uweke nakala hiyo katika zote mbili. Ya ASILI usiiguse kabisa baada ya hapo.

Hatua ya 1: Tazama menyu kabla ya kufungua chochote

Nusu ya watu wanaokuja kuuliza jambo hili wangemalizia hapa. Fungua "Options", kisha "Sound" au "Audio". Kwenye gemu zenye asili ya Japani utaona herufi BGM, huo ndio muziki wa nyuma. SE au SFX ni milio ya matukio. Shusha BGM hadi sifuri, acha SE juu. Kwenye GTA San Andreas na Vice City sauti ya redio ina kipimo chake na milio ina chake, kwa hiyo hapo kazi imekwisha. Ukimaliza, hifadhi kwenye memori kadi. Usipohifadhi, umeme ukikatika tu muziki unarudi, na utadhani kuna mtu kachezea mashine.

Gemu za DOS za miaka ya 1990 nyingi zilikuja na faili la SETUP pembeni ya gemu yenyewe. Ndani yake unachagua kifaa cha muziki na kifaa cha milio, kila kimoja kwa nafasi yake. Weka hakuna kwenye muziki, kile cha milio kiache kilivyo. Doom ya 1993 ni rahisi zaidi: ianzishe kwa kuandika

doom -nomusic

na risasi zitalia kama kawaida, gitaa likiwa limenyamaza.

Hatua ya 2: Jua muziki unakaa wapi

Gemu ya kaseti, muziki wake uko kwenye chipu. Gemu ya PlayStation ya kwanza, fungua folda ya nakala yako. Ukikuta faili moja la .cue na mafaili mengi ya .bin, lifungue lile .cue kwa Notepad. Mistari iliyoandikwa TRACK 02 AUDIO, TRACK 03 AUDIO na kuendelea ni nyimbo za CD. Kama kuna TRACK 01 peke yake, muziki umechanganywa na data, na utapita njia nyingine nitakayoieleza. Gemu ya kompyuta, tafuta ndani ya folda yake mafaili ya .mp3, .ogg, .wav au .adx.

Huna laptopu karibu? Weka diski ya gemu kwenye deki ya kawaida ya CD na uruke moja kwa moja hadi wimbo wa pili. Ukilia muziki, umepata jibu. Wimbo wa kwanza usiupige, kwa sababu ni data, na baadhi ya deki zitautoa kama kelele kali inayoweza kuumiza spika.

Muziki wa chipu: hapa ndipo pana kazi

Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, na zile mashine za kaseti za bei rahisi zilizoiga muundo wake, ilikuwa na sauti tano tu: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya mvumo, na moja ya vipande vilivyorekodiwa. Muziki na milio vinagawana hizo hizo tano. Chukua Super Mario Bros. ya 1985. Mario akiruka, mlio wa kuruka unainyang'anya ala mojawapo sauti yake ya mraba kwa muda, kisha unairudisha. Sikiliza vizuri kwa hedifoni utaona wimbo unapungua kidogo kila anaporuka. Ndiyo sababu kuzima chaneli nzima hakufai: umezima ala na umezima kuruka.

Hata hivyo lipo la kujaribu kwanza. Kwenye FCEUX, ambayo ni emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya gemu kwenye kompyuta, fungua "Config", kisha "Sound". Utakuta vipimo vya kila sauti. Shusha ile ya pembetatu. Kwa Mario besi yote inaondoka na hakuna mlio wa mchezo unaopotea. Kwa mtu ambaye kero yake ni mngurumo unaopita ukutani kwenda kwa jirani, hilo linaweza kumtosha.

Anayetaka muziki wote uondoke inabidi amzuie mwagizaji. Ndani ya kumbukumbu ya gemu kuna baiti ambayo mchezo huandika namba ya wimbo unaotaka upigwe. Ukiigandisha kwenye sifuri, agizo halifiki na wimbo hauanzi, lakini milio ina maagizo yake mahali pengine. Kwa Super Mario Bros. fanya hivi:

1. Fungua gemu, ubaki kwenye skrini ya kwanza kabla ya kuanza kucheza.
2. Chini ya "Tools" fungua "Cheats".
3. Kwenye anwani andika 00FB, kwenye thamani andika 00, kisha ongeza.
4. Anza kucheza.

Muziki wa uwanjani haupo, ila kuruka, sarafu na kuvunja matofali vinasikika. Wimbo mfupi wa kufa na ule wa kumaliza hatua vinabaki, kwa sababu vinaagizwa kupitia baiti ya jirani, 00FC. Mimi naviacha. Mtoto akifa bila kusikia kitu anabaki anabonyeza pedi kama mashine imeganda.

Gemu nyingine ina anwani yake, na utaitafuta kwa "RAM Search", humo humo chini ya "Tools". Anza ukiwa kwenye hatua yenye wimbo A. Nenda hatua yenye wimbo B, agiza zibaki anwani ambazo thamani yake ni tofauti na mwanzo. Kaa hapo hapo kwenye wimbo B kwa muda, ukimbie, uruke, uue maadui, kisha agiza zibaki ambazo hazijabadilika. Zoezi hili la pili watu hulipuuza, nalo ndilo linalopunguza orodha kwa kasi, kwa sababu vitu vingi vya kwenye kumbukumbu hubadilika mchezaji akisogea lakini namba ya wimbo haibadiliki. Rudi wimbo A, chuja tena. Ukibaki na anwani chache, zigandishe moja moja. Sifuri isipofanya kazi jaribu FF, maana si kila mtunzi wa programu aliandika "hakuna wimbo" kwa sifuri. Na ukisikia noti moja imeng'ang'ania, inalia niiii bila kukoma, umegandisha katikati ya wimbo. Anzisha gemu upya ukiwa umeshaweka anwani na thamani yake kabla muziki haujaanza.

Super Nintendo ina sauti nane na kumbukumbu ya sauti ya kilobaiti 64 inayojitegemea. Emuleta ya Snes9x inakuruhusu kuzima chaneli moja moja, lakini gemu nyingi hazina chaneli maalumu ya milio. Mlio unakaa popote palipo na nafasi. Jaribu kwa dakika kadhaa, usipofanikiwa usipoteze usiku wako.

Kwa kubadili muziki wa Super Nintendo, iko njia nzuri kuliko zote, inaitwa MSU-1. Ni nyongeza inayoiwezesha gemu kusoma nyimbo halisi kutoka kwenye mafaili, nayo inafanya kazi kwenye bsnes na Snes9x. Unahitaji kiraka, yaani faili dogo la kuirekebisha gemu, cha gemu yako hasa, kwa kuwa kila gemu ina chake. Kibandike kwa programu ya Flips, kisha weka kwenye folda moja vitu hivi: gemu.sfc, gemu.msu ambalo linaweza kuwa faili tupu, na nyimbo zako kwa majina gemu-1.pcm, gemu-2.pcm na kuendelea. Majina lazima yafanane herufi kwa herufi. Faili la .pcm ni sauti ya biti 16, stirio, sampuli 44,100 kwa sekunde, ikiwa na kichwa kifupi mbele kinachotaja MSU1 na mahali pa kurudia. Dakika moja inakula megabaiti 10.6 hivi. Nyimbo 20 za dakika tatu ni zaidi ya megabaiti 630, kwa hiyo kupakua seti iliyokwisha tengenezwa kutamaliza bando. Tengeneza zako nyumbani.

Nyimbo za CD: PlayStation ya kwanza

Ridge Racer, gemu ya magari iliyotoka Japani pamoja na PlayStation mwezi Desemba 1994, ilikuwa inajipakia yote kwenye kumbukumbu. Ukishaanza kucheza unaweza kutoa diski yake na kuweka CD yako ya muziki, na mbio zinaendelea kwa nyimbo zako. Kama una mashine halisi na diski halisi, huhitaji laptopu wala maelezo yangu.

Kwa gemu nyingine zenye TRACK 02 AUDIO na kuendelea, unabadilisha faili lenyewe. Kila .bin la wimbo ni sauti mbichi isiyo na kichwa, biti 16, stirio, 44,100. Maana yake sekunde moja ni baiti 176,400 kamili, na hapo hesabu inakuwa nyepesi.

1. Bonyeza kulia kwenye faili la Track 02, chagua "Properties", soma ukubwa wake kwa baiti. Gawa kwa 176,400. Tuseme ni 31,752,000; jibu ni sekunde 180.
2. Liondoe faili hilo kwenye folda ya KAZI. Nakala iko ASILI.
3. Kama ni kimya tu unachotaka, andika kwenye dirisha la amri:

ffmpeg -f lavfi -i anullsrc=r=44100:cl=stereo -t 180 -f s16le "Gemu (Track 02).bin"

4. Kama unaweka wimbo:

ffmpeg -i wimbo.mp3 -af "adelay=2000|2000,apad" -t 180 -ar 44100 -ac 2 -f s16le "Gemu (Track 02).bin"

5. Jina liwe lile lile lililoandikwa kwenye .cue. Fungua .cue hiyo kwenye emuleta na ucheze.

Zile 2000 ni sekunde mbili za kimya mwanzoni. Kwenye .cue ukiona wimbo una INDEX 00 na INDEX 01 ikiwa 00:02:00, sekunde mbili za kwanza ni nafasi kati ya nyimbo, na gemu inaanza kupiga baada yake. Usipoziweka, mwanzo wa wimbo wako utamezwa. Kama .cue haina INDEX 00, toa sehemu ya adelay. Neno apad linajaza kimya mwishoni wimbo ukiwa mfupi, na -t 180 inakata ukiwa mrefu.

Urefu usiubadilishe. Gemu nyingine haiulizi "wimbo namba mbili", inauliza dakika na sekunde ya diski. Ukirefusha wa pili, wa tatu na wa nne wote wanasogea, na bosi wa mwisho anapigiwa nusu ya wimbo wa menyu.

Na zile zenye TRACK 01 peke yake? Emuleta ya DuckStation ina chaguo kwenye mipangilio ya sauti liitwalo "Mute CD Audio". Linanyamazisha sauti yote inayosomwa kutoka diski, na baadhi ya gemu muziki wake unaondoka hapo hapo. Kasoro yake ni kwamba mazungumzo ya wahusika mara nyingi yanasomwa kwa njia hiyo hiyo, nayo yanapotea. Kwa mbio za magari na mapigano haina shida. Kwa gemu yenye hadithi ni hasara, na nashauri uache muziki uendelee.

Mafaili: GTA, Quake, PES

GTA San Andreas ya kompyuta ilitoka mwaka 2005 ikiwa na mlango wa nyimbo zako. Ingia "Documents", kisha "GTA San Andreas User Files", kisha "User Tracks", mwaga MP3 humo. Ndani ya gemu, kwenye mipangilio ya sauti, agiza ikague folda, halafu ukipanda gari zungusha redio mpaka ufike kituo cha nyimbo zako. Vice City ni rahisi zaidi: ndani ya folda ya gemu kuna folda ya mp3, weka nyimbo humo na kituo kitajitokeza. Wenye kampuni nao wamekuwa wakizitoa nyimbo leseni zinapokwisha. San Andreas ilipoteza baadhi mwaka 2014, na GTA IV mwaka 2018. Kwa hiyo usishangae redio ya gemu uliyopakua karibuni kuwa fupi kuliko uliyoizoea.

Quake ya 1996 ilipiga muziki kutoka CD. Ukitumia QuakeSpasm, programu ya kuendeshea Quake kwenye kompyuta za sasa, weka nyimbo kwenye id1/music zikiitwa track02.ogg, track03.ogg. Hakuna track01, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa data. Doom inataka programu ya SLADE: tengeneza WAD mpya, yaani faili la data la Doom, weka humo wimbo wako ukiupa jina D_E1M1 kwa hatua ya kwanza, kisha ifungue pamoja na gemu kwenye GZDoom, programu ya kuendeshea Doom.

PES 6 ya kompyuta ina sauti zake kwenye mafaili makubwa ya .afs, na muziki wa menyu uko ndani kama .adx. AFS Explorer inayafungua, na FFmpeg inageuza wimbo kuwa .adx. Hakikisha faili jipya halizidi ukubwa wa lile la zamani, maana ndani ya .afs kuna jedwali linalosema kila faili linaanzia wapi. Likizidi, punguza muda wa wimbo au ushushe -ar hadi 22050. Sauti itakuwa na ukungu kidogo, lakini ni menyu ya kuchagua timu, nani anasikiliza?

Kuchagua na kupima nyimbo

Nyimbo za sasa zimerekodiwa kwa sauti ya juu sana. Ukiuweka ulivyo, utafunika injini na filimbi, na utakuwa umerudi kule kule kwa tatizo la mwanzo. Kwenye Audacity shusha desibeli 6 hadi 8, cheza, sikiliza, shusha tena ikibidi. Kipimo changu: mlio mdogo kabisa wa gemu, kama sarafu au hatua za miguu, usikike bila kuinama kwenye spika.

Penye mtangazaji, weka ala tupu. Sauti mbili za binadamu zikigongana husikii hata moja. Kwa mbio za magari magitaa ya Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz au Kiko Kids, bendi za mji huu huu, yanakaa vizuri mno: yana mwendo, na hayakuchoshi yanapojirudia. Singeli kaiweke kwenye gemu za ngumi. Kwenye magari inawafanya vijana wakanyage mafuta kwenye kona zote, na wanarudi kulaumu pedi.

Kama hicho ni kibanda cha biashara, kumbuka kwamba muziki unaopigwa hadharani kwa biashara unahitaji leseni chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, utaratibu. Na ukirusha mchezo YouTube, wimbo wa msanii wa hapa unaweza kudaiwa sawasawa na wa Marekani.

Kabla hujamkabidhi mteja

Cheza mpaka wimbo uvuke mwisho wake uanze tena, si sekunde 30 za kwanza. Ingia menyu, toka, badili hatua, hifadhi, zima, washa. Gemu ikiganda pale wimbo unapoisha, rudi kwenye hesabu ya baiti. Karibu kila mara ni faili lililopungua. Ikiganda mwanzoni kabisa, angalia majina kwenye .cue, hasa nafasi na mabano. Ikicheza vizuri, nakili folda ya KAZI kwenye flashi, iandike jina la gemu na namba za nyimbo ulizobadili, na folda ya ASILI iweke kwenye flashi ya pili isiyochomekwa kwenye mashine ya kibandani, kwa sababu virusi vya flashi za wateja havichagui folda.